Je, mungu wa kike ni ushahidi kwamba wanawake waliheshimiwa?

SWALI: Kwenye mdahalo chuoni, mwenzangu alidai kuwa jamii yoyote iliyoabudu miungu wa kike iliwaheshimu sana wanawake. Je, ni kweli? Na kisasili, yaani hadithi ya kale ya miungu na asili ya mambo, kisomwe vipi ili tujue jamii iliwaonaje wanawake na wanaume?

JIBU: Si kweli. Mlinzi wa mji wa Athens, Ugiriki ya kale, alikuwa mungu wa kike Athena, lakini katika karne ya 4 KK mwanamke wa mji huo hakupiga kura, wala hakuruhusiwa kufunga mapatano yanayozidi thamani ya medimno moja ya shayiri, yaani kama lita 52. Na Athena mwenyewe mtazame: alitoka kichwani mwa baba yake Zeus, mkuu wa miungu, aliyekuwa amemmeza mama yake Athena akiwa mjamzito. Ufumaji, kazi ya wanawake, ni wake; ndoa na uzazi havimhusu.

Basi usianze kwa kuhesabu miungu wa kike. Uliza: nani anatangulia kusema? Mambo yakiharibika analaumiwa nani? Yanarekebishwaje? Chukua Kojiki, kitabu cha Japani cha mwaka 712. Mungu wa kiume Izanagi na mungu wa kike Izanami wanaizunguka nguzo ili waoane. Mwanamke anatangulia kumsifu mwenziwe. Mtoto anazaliwa na kasoro, wanamweka kwenye mashua ya matete na kumwachia maji. Miungu wa mbinguni wanawaambia kosa ni mwanamke kutangulia kusema. Wanarudia, mume akianza, na visiwa vya Japani vinazaliwa.

Ukiishia hapo utasema wanawake wa Japani hawakuwa na sauti. Kumbe aliyeagiza kitabu hicho kiandikwe ni Genmei, mwanamke aliyekuwa akitawala! Kosa la wengi ni kudhani kisasili ni picha ya maisha, ilhali mara nyingi ni hoja ya upande mmoja. Kipime kwa sheria, hati za ndoa na mirathi za wakati uleule.

Hata kitabu kimoja hubeba sauti mbili. Katika Mwanzo 1:27 mwanamume na mwanamke wanaumbwa pamoja. Sura ya 2 mwanamke anatoka ubavuni. Kifungu kinachopendwa na wahubiri wa kipindi fulani kinakueleza habari za wahubiri hao.

Mwenzako akileta Misri ya kale na mungu wake wa kike Isis, mpe haki yake: wanawake wa huko walimiliki ardhi, walishtaki mahakamani na waliweza kuvunja ndoa. Ila muulize amejuaje. Mambo hayo tunayajua kwa mikataba na kumbukumbu za kesi zilizoandikwa kwenye mafunjo.