Mwanangu, usikisifu kitabu

Wete, Pemba

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, bibi yako anakusalimu na anauliza kama unakula vizuri. Ujumbe wako nimeupata. Unasema wenzako wa kazini huko Dar wameanza tabia ya kuulizana mtu anasoma nini, na zamu yako ilipofika ukataja Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi. Wakacheka: "Si kile cha mtihani wa kidato cha sita?" Mazungumzo yakahamia kwenye mpira. Sasa unaniuliza uwatajie kitabu gani wakisome kweli, na mimi mwenyewe nasoma nini siku hizi.

Hilo la pili ndilo jepesi. Nasoma Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Unguja aliyepewa Nobel 2021. Aliiandika kwa Kiingereza ikatoka 1994, na Kiswahili chake, kazi ya Ida Hadjivayanis, tumekipata 2022. Mwaka ule wa tuzo jina lake lilikuwa kila baraza hapa mjini, na waliomsoma hawajazi daladala. Sikuwalaumu. Watu wangemsoma kwa lugha gani?

Humo mna mtoto wa miaka 12, Yusuf. Kwao huja mgeni, Aziz, tajiri wa misafara ya bara, na mtoto anampenda kwa sababu kila akiondoka humwachia sarafu ya anna kumi. Siku moja Yusuf anaambiwa atafuatana na mgeni. Anafurahi kupanda treni. Hajui kwamba baba yake ana deni na kwamba yeye ndiye rehani. Wanafika pwani, anawekwa dukani pamoja na kijana mwingine, Khalil, aliyeletwa hapo kwa deni vilevile, na kila Yusuf akimtaja Aziz kama jamaa yake, Khalil humkatiza: yule si jamaa yako. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu nikatoka uani.

Basi, sikuambii zaidi.

Umeona nilichokufanyia? Hiyo ndiyo nusu ya jibu lako. Wewe, nakujua, ulipoulizwa ulisema "kitabu kizuri sana, mwandishi mkubwa, lazima mkisome." Kitabu kikisifiwa hivyo mtu anasikia harufu ya chaki. Wenzako wote walipita skuli, na skuli iliwauliza wataje dhamira, wachambue wahusika, waonyeshe tamathali za semi. Mtu aliyekikimbiza kitabu kwa ajili ya maksi hakumbuki hata kama kuna mahali alicheka. Ukimtajia jina tu, kinachomjia ni chumba cha mtihani.

Msimulie. Mwambie kwamba katika Vuta N'kuvute kuna msichana wa miaka 15, Yasmin, aliyeozwa Bwana Raza, mtu wa miaka 52, akapelekwa Mombasa. Akashindwa, akarudi Unguja kwa mjomba wake, na mjomba akamkataa. Hana pa kwenda ila mtaa wa Ng'ambo kwa shoga yake Mwajuma, na huko Ng'ambo wanajificha vijana wanaotafutwa na serikali ya Mwingereza. Ukifika hapo, agiza chai. Atakayekuuliza "ehe, ikawaje?" ndiye wa kumpa kitabu. Asiyeuliza mwache na mpira wake. Na kama kuna aliyeona filamu ya Amil Shivji ya 2021, huyo ni rahisi zaidi: mwambie kitabuni mna mengi ambayo filamu haikuweza kuyabeba, abishe kwanza, kisha ahakikishe mwenyewe.

Sisi tulivyokuwa tukifanya unakumbuka, ulikuwa unalala miguuni mwetu. Alasiri wanawake wa mtaa walikuja na ukili wao barazani kwetu. Mikono yote ilikuwa kazini, kwa hiyo mmoja aliyejua kusoma vizuri alisamehewa kusuka, akasoma kwa sauti. Utengano ya Said Ahmed Mohamed tuliisoma hivyo, na nakala ile ninayo bado: jalada la karatasi ya kaki, kurasa za katikati zimegandana kwa tui mtu alipoutia mkono sahanini bila kuangalia. Maimuna anafungiwa ndani na baba yake, Maksuudi, mtu ambaye nje watu wanamwinukia. Mle barazani walikuwamo mama wenye mabinti wao ndani. Mmoja akasema mtoto yule kajitakia, angetulia. Mwingine akatupa ukili chini: "Katulie wewe!" Tulibishana hadi wali wa jioni ukashika ukoko, na siku ya pili wote wawili walikuja mapema kuliko wengine.

Said Ahmed Mohamed ni wa kwetu Pemba, amezaliwa 1947, na mimi sioni haya kujivuna kwa hilo. Ila usianze na Babu Alipofufuka ya 2001. Ni riwaya kali, mkubwa wa nchi anatokewa na babu yake aliyekufa, lakini mtu asiyezoea kusoma ataiweka chini mapema na hatakuamini tena.

Nusu ya pili ya jibu ni kumtazama mtu kabla ya kutazama kabati. Umenieleza kwamba mmoja wa wenzako alifanya kazi bandarini kabla ya kuja kwenu. Huyo mpe Kuli ya Adam Shafi, hata kama akisema aliisikia skuli. Imetoka 1979 na inamhusu Rashidi, kuli wa bandari ya Unguja, na mgomo wa wachukuzi ambao kweli ulitokea 1948. Usimwambie ni riwaya ya kitabaka. Muulize: zamani makuli walikuwa wanapandishaje magunia kabla ya mashine? Ataanza kusimulia yeye, mgongo, vumbi, nyapara. Akimaliza, mwambie kuna mtu aliyaandika hayo. Mwenye kazi yake akikuta kazi yake kitabuni hukisoma kwa ubishi, anatafuta penye makosa, na akiwa anatafuta makosa anafika ukurasa wa mwisho.

Yule unayesema hatoi macho kwenye tamthilia za simu, mpe Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwaya. Mohammed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950, kitabu kikatoka 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale, na baada yake kikaja Kisima cha Giningi na vingine. Mauaji yako ukurasa wa mapema, watu wanasingizia mizimu, na Bwana Msa amekaa na kiko chake anauliza maswali yanayoonekana hayana maana. Nakutahadharisha jambo moja: Kiswahili chake ni cha Unguja ya zamani, na mtu wa bara kuna maneno yatamkwamisha. Mwambie akupigie. Kumuuliza mtu maana ya neno ni njia nzuri ya kuendelea kukizungumza kitabu.

Anayesema hana muda, mashairi. Kimbunga ya Haji Gora Haji, mzee wetu wa Tumbatu aliyekuwa mvuvi na baharia, akafariki 2021. Shairi moja kabla ya kulala halimchoshi mtu. Msomee wewe kwa sauti, kwa mahadhi kama alivyokuwa akifanya babu yako.

Haini usimpe kila mtu. Ni ya Adam Shafi pia, ya 2003, juu ya waliofungwa baada ya Mzee Karume kuuawa 1972. Kuna nyumba huku kwetu Visiwani ambazo habari hiyo bado inauma, na mtu hapewi jambo kama hilo katikati ya mzaha wa kazini. Akitaka mwenyewe, mpe.

Kuhusu hao wanaopiga picha kurasa na kutumiana kwa WhatsApp: sipendi. Nasema hivi nikijua kwamba vitabu ni ghali na kwamba huku Pemba mara nyingi inabidi kumuagiza mtu wa Unguja au Dar. Lakini kuazimana nakala moja ni jambo moja, na kuimwaga bure kwa watu wasiojulikana ni jingine; mwandishi naye ana watoto. Changeni fedha, nunueni nakala moja, ipite kwa zamu. Andika kwenye daftari nani kaichukua na tarehe. Mtu mwaminifu wa fedha anaweza kabisa kuwa mwizi wa vitabu, wala hajijui.

Na kikirudi, usimuulize "umejifunza nini?" Tafadhali mwanangu. Muulize nani alimkera. Kila kitabu kina mtu wa kumkera msomaji, na hapo ndipo maneno yanapotoka. Mimi katika Peponi ananikera baba yake Yusuf kuliko Aziz mwenyewe, na jirani yetu, ambaye anaisoma nyuma yangu, anasema namwonea mtu maskini. Hatujaafikiana.

Kuli na Mzimu wa Watu wa Kale nimempa binamu yako, anashuka na boti ya Jumamosi mpaka Unguja, kisha anavuka kuja huko. Nimezifunga ndani ya kanga kuukuu pamoja na halua na mkate wa kumimina. Halua iko upande wake, lakini zifungue mara moja zisije zikapata mafuta. Kiu, riwaya ya Mohammed Suleiman Mohammed uliyoitaka, siwezi kuileta sasa. Iko kwa mwalimu wa jirani tangu kabla ya Ramadhani, na kila nikimkumbusha ananiambia Bahati na Idi wa humo kitabuni hajawamaliza. Nitamfuata.

Nijulishe yule wa bandarini alisemaje.

Wasalaam,
Mama yako