Macho ya njiti yako safi, kwa nini nimpeleke kliniki?

SWALI: Dokta habari za kazi. Nilijifungua njiti wiki ya 29, kilo 1.2, akawekwa kwenye oksijeni. Sahivi ana wiki 5, tumesharuhusiwa na ananyonya vizuri. Kwenye kadi wameandika apelekwe kliniki ya macho kuangalia mishipa ya damu ila mama mkwe anasema mbona macho yako safi, hayana hata tongotongo, tutamtesa mtoto bure. Nikimmulika na tochi ya simu siwezi kuiona hiyo mishipa mwenyewe? – Mama Njiti, Morogoro

JIBU: Hongera sana mama kwa kumfikisha hapo. Ila huwezi kuiona, na tochi acha kabisa. Mishipa hiyo iko kwenye retina, yani ule utando wa ndani nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kwa nje jicho linaweza kuwa zuri tu huku ndani mambo yanaharibika.

Iko hivi, mishipa ya retina inaanza kuota kama wiki ya 16 ya mimba, inatoka katikati kwenda pembeni na inamaliza karibu wiki ya 40. Wako kazaliwa wiki ya 29, yani pembeni kulikuwa bado hakujafikiwa, afu oksijeni ikizidi inaisimamisha, baadaye ile sehemu yenye njaa ya damu inaotesha mishipa mipya hovyo hovyo, laini, inayovuja, na inaweza kuivuta retina mpaka ibanduke. Lakini msiilaumu oksijeni jamani, njiti wengi wanapona kwa sababu yake.

Daktari anaweka matone ya kupanua mboni, anashika kope, anatafuta mstari pale mishipa ilipoishia, je umeinuka kama tuta, je kuna mishipa inachomoza juu yake, na ile ya katikati imevimba na kujipindapinda? Hiyo ya kujipinda ndo inatushtua zaidi, mara nyingi mtoto anatakiwa apigwe leza au sindano ya jicho ndani ya siku 2 au 3. Hali ya mwanzo mara nyingi inaisha yenyewe, ila lazima arudi kila wiki 1 au 2 mpaka mishipa ifike mwisho. Ukisubiri mpaka uone weupe kwenye mboni, mara nyingi retina imeshabanduka.

Kipimo cha kwanza kwa njiti kama wako ni wiki ya 4 tangu azaliwe, kwahiyo mpeleke wiki hii hii. Atalia, ni kweli, ila ni muda mfupi. Mnyonyeshe mapema asije akacheua, beba khanga ya kumfunga na ile kadi. Wakikwambia hawana daktari bingwa wa macho omba rufaa hapohapo, usikubali tarehe ya mwezi ujao.