Maswali ya Wasomaji: Je, Dalali wa Nyumba Anahitaji Kocha?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni dalali wa nyumba za kupanga na viwanja, kuanzia Ubungo hadi Mbezi Mwisho jijini Dar es Salaam, na huu ni mwaka wangu wa sita katika kazi hii. Simu yangu haipumziki na kutwa nzima nipo juu ya bodaboda nikipeleka wateja, lakini mwezi ukiisha huwa nimepangisha nyumba mbili, pengine moja. Mwenzangu ananishauri nimlipe kocha wa kazi shilingi 150,000 kwa mwezi kwa miezi mitatu. Mimi najua kocha ni wa mpira. Mtu ambaye hajawahi kuuza hata kiwanja kimoja atanifundisha nini? Msomaji, Kimara.

JIBU: Ndugu yetu wa Kimara, shaka yako ni ya haki. Kocha hatakufundisha mitaa ya Kimara, wala namna ya kuzungumza na mwenye nyumba anayetaka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Hayo unayajua kumshinda, na akikuahidi hayo usimpe fedha yako. Kazi yake ni kukuwezesha kuona siku yako inavyokwenda, jambo ambalo ni vigumu kwa mtu aliye mbioni tangu asubuhi, kisha kukuuliza kila wiki kama umetekeleza yale uliyosema kwa kinywa chako kwamba utayatekeleza.

Niliwahi kufuatana na dalali mmoja kwa siku nzima maeneo ya Tabata. Asubuhi alipigiwa simu na mama aliyetafuta vyumba viwili na sebule, akaeleza taratibu kwamba anaishi na mzazi wake mwenye maumivu ya magoti, na kwamba anataka mita ya umeme (LUKU) ya peke yake kwa sababu alikotoka wapangaji waligombana kila umeme ulipokwisha. Dalali aliitikia, "Sawa mama, ipo," bila kuandika chochote. Saa nane mchana tulikuwa ghorofa ya tatu, mama akihema ngazini, na ukutani palikuwa na mita moja ya nyumba nzima. Alitoa fedha ya kuonyeshwa nyumba, akashukuru kwa upole, akaondoka, na hakupiga simu tena. Yule dalali hakuwa mvivu hata kidogo, maana siku ile tulizunguka nyumba saba. Jioni, hata hivyo, aliniambia kwamba wateja wa siku hizi ni wasumbufu, na hilo lilinisikitisha kuliko safari yenyewe, kwa kuwa nilijua kesho yake atairudia siku ile ile.

Kocha anayeijua kazi yake asingemwambia aongeze bidii. Angemwuliza mama yule alisema anataka nini, na maneno yake yaliandikwa wapi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mali ya dalali ni maneno ya wateja wake: jina, anachotafuta, kodi anayoimudu na miezi anayoweza kulipa kwa pamoja, tarehe anayotaka kuhamia na, muhimu kuliko yote, siku ya kumpigia tena. Kwa desturi udalali wako ni kodi ya mwezi mmoja, nayo hulipwa mkataba ukitiwa saini. Kwa hiyo unapoonyesha nyumba unajiona uko kazini, ilhali mara nyingi fedha iko kwa yule aliyeona nyumba juma lililopita, akasema anakwenda kushauriana na mwenzake, na wewe hukumrudia.

Jambo la pili ni saa. Marekani, ambako mawakala wa nyumba nao hulipwa kwa kamisheni, makocha wao wamezoea kuwataka watenge saa za asubuhi kwa ajili ya kuwapigia wateja. Ushauri huo ukiuchukua ulivyo hautakufaa, kwa maana mteja wako asubuhi amebanwa ndani ya daladala au yuko mbele ya mwajiri wake. Wapigie wapangaji jioni, na asubuhi uwapigie wenye nyumba, ili uthibitishe kama chumba bado kiko wazi kabla hujamtoa mtu kwake.

Kwa viwanja, tabia ya kujenga kabla ya nyingine zote ni upekuzi, yaani kuchunguza kiwanja ni cha nani. Kama kiwanja kina hati, upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati utaonyesha jina la mmiliki, na kama kuna rehani ya benki au zuio. Angalia pia muda uliobaki, kwa sababu hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na mnunuzi anastahili kuujua kabla hajatoa fedha yake. Kwa kiwanja kisichopimwa, fika ofisi ya serikali ya mtaa na uzungumze na majirani wa mipaka. Haya huenda unayafahamu. Kocha atakuuliza umeyafanya lini kwa kiwanja hiki unachokitangaza leo.

Kuhusu malipo, shilingi 450,000 ni fedha nyingi kwa mtu anayepangisha nyumba mbili kwa mwezi. Andika daftari kwa majuma mawili kwanza, kisha umpelekee kocha alisome mbele yako. Akilifunga na kuanza kukupa hotuba, mshukuru na uondoke. Akikuuliza maswali ambayo hukuwahi kujiuliza, lipa mwezi mmoja tu, uone. Na kama fedha haipo, tafuta dalali mwenzako mnayeaminiana, mkutane kila Jumatatu, kila mmoja asome daftari la mwenziwe.

SWALI: Nina ofisi ya uwakala wa nyumba Mombasa yenye vijana wanne. Je, naweza kuwa kocha wao mimi mwenyewe? Kila Jumatatu huwa nawakemea kwa pamoja, lakini sioni mabadiliko.

JIBU: Unaweza, lakini si kwa njia hiyo. Sheria ya Kenya ya mwaka 1984 inamtaka wakala awe amesajiliwa, na bila shaka unajua kwamba kosa la kijana wako litakurudia wewe. Hata hivyo kijana anayekemewa mbele ya wenzake atajifunza kuficha kosa, na hapo utalijua wakati mteja amekwisha kuja mlangoni kwa hasira. Kaa na kila mmoja peke yake kwa dakika 20. Uliza kwanza idadi ya wateja aliowarudia juma lile, na umwombe akueleze mteja mmoja aliyempoteza. Suala la mapato liachie siku nyingine.