Spika za ampu ya valvu ya wati 8
Boss, umeuliza kama spika za desibeli 86 (yaani kiwango cha sauti spika inatoa ikipewa wati moja) zitafaa ampu yako ya valvu ya 300B, wati 8 tu. Wachana nazo, zitaimba ndio lakini ukipandisha volumu kidogo ngoma inaanza kukwaruza. Tafuta za 95 kwenda juu. Kila desibeli 3 ukiongeza ni kama umepata ampu ya nguvu maradufu, yaani kutoka 86 hadi 96 ni kama wati 8 zimegeuka 80, si mchezo. Ukienda Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki Nairobi, usidanganyike na "wati 1000" imeandikwa kwa boksi, geuza spika usome nyuma, omu 8 (ukinzani wa spika) ndio poa. Mimi kwa bedsita yangu natumia za honi, zile zenye mdomo kama tarumbeta, jirani ashagonga ukuta na nobu ya volumu haijafika hata nusu 😂