Tangi la kobe wa majini: maji yanayong'aa na taa inayowaka havitoshi

Vitu viwili vinavyomdhuru zaidi kobe wa majini anayefugwa ndani ya tangi la kioo havionekani kwa macho. Cha kwanza ni amonia, sumu inayotokana na mkojo na kinyesi chake. Maji yenye amonia nyingi yanaweza kung'aa kama maji ya chupani. Cha pili ni ukosefu wa miale ya UVB, ile miale ya jua isiyoonekana ambayo ndani ya nyumba hutolewa na taa maalumu ya tyubu. Tyubu iliyochoka huendelea kuwaka vilevile, na mfugaji huamini kobe wake anapata mwanga wa kutosha kumbe anapata mwanga mtupu. Anayesafisha maji yanapoonekana machafu, na kubadilisha taa inapozima, huwa amechelewa kwa wiki au miezi. Ndiyo maana hapa chini kuna vipimo, umbali na tarehe nyingi. Namba nyingi zinamhusu kobe wa masikio mekundu, Trachemys scripta elegans, anayefugwa sana duniani, lakini kanuni zenyewe zinawafaa na jamaa zake wengi.

Anza na ukubwa wa tangi, kwa sababu tangi dogo halisafishiki. Kadirio linalotumika ni lita 15 za maji kwa kila sentimita moja ya urefu wa gamba. Kobe wa sentimita 10 anahitaji lita 150, wa sentimita 20 anahitaji 300, na jike aliyekomaa anaweza kufikia sentimita 25 au zaidi. Maji yakiwa machache, kinyesi cha siku moja tu hupandisha sumu kuliko chujio lolote linavyoweza kuishusha. Kina kiwe angalau mara moja na nusu ya urefu wa gamba, ili kobe akipinduka aweze kujigeuza. Chini ya tangi ni afadhali pabaki patupu bila kokoto, au pawekwe mawe makubwa kuliko kichwa chake. Kokoto ndogo humezwa na kuziba utumbo, na uchafu hujificha chini yake mpaka uoze na kutoa harufu ya yai viza.

Kinachosafisha maji ni bakteria

Mkojo, kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo. Nitrati ndiyo unayoitoa unapobadilisha maji. Bakteria hawa huishi ndani ya chujio, hasa kwenye sponji na vipande vya kauri vyenye vitundu, na huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga katika tangi jipya. Nunua vifaa vya kupimia maji, na kwa muda huo pima kila baada ya siku mbili tatu. Amonia iwe 0, nitriti 0, nitrati isizidi miligramu 40 kwa lita. Ikipanda, badilisha maji mara nyingi zaidi. Kobe hupumua hewa, kwa hiyo maji mabaya hayamuui haraka kama samaki. Hilo ndilo linalofanya tatizo likae muda mrefu bila kugunduliwa, huku macho na ngozi yake vikiwashwa kila siku.

Chujio liwe la kuhudumia tangi lenye maji mara mbili au tatu ya maji uliyonayo. Namba zilizoandikwa kwenye boksi huwa zimekadiriwa kwa samaki, na kobe huchafua zaidi sana. Chujio la nje, lile linalokaa chini ya meza na kuunganishwa kwa mipira miwili, ndilo bora kwa kobe mkubwa. Ndani yake maji yakutane kwanza na sponji la matundu makubwa, kisha laini, kisha kauri. Ukigeuza mpangilio huo, kauri itazibwa na tope na bakteria watakosa oksijeni. Makaa ya kuchujia si lazima, na baada ya mwezi mmoja hivi huwa yameshiba na hayana kazi tena.

Kosa linaloharibu matangi mengi ni usafi wa kupita kiasi, yaani kumwaga maji yote, kusugua kila kitu kwa sabuni na kuosha sponji chini ya bomba. Klorini ya maji ya bomba huua bakteria, na siku chache baadaye maji huwa meupe kama yametiwa maziwa kidogo huku amonia ikipanda. Fanya hivi badala yake. Chota ndoo moja ya maji ya tangi lenyewe, kamua sponji humo mpaka tope litoke, kauri uzitikise tu, kisha umwage maji hayo. Sponji likichakaa, badilisha nusu, na nusu nyingine baada ya mwezi. Toa pia kile kipande kinachozunguka ndani ya pampu na ufute utelezi wake kwa brashi ndogo, maana mara nyingi ndicho kinachopunguza kasi ya maji. Kwa chujio la nje kazi hii huja kila baada ya wiki 4 hadi 8, na dalili yake ni maji kurudi kwa unyonge.

Umeme ukikatika kwa saa kadhaa, usiliwashe chujio la nje moja kwa moja. Ndani yake oksijeni huwa imekwisha, bakteria wengi wamekufa, na maji yameoza. Lifungue, mwaga kilichomo, suuza kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.

Kila wiki badilisha asilimia 25 hadi 30 ya maji. Chomoa kwanza hita na usubiri dakika 15 hadi 20, kwani hita yenye moto ikiachwa wazi hewani hupasuka. Nyonya maji kwa mpira ukipitisha mdomo wake sakafuni, hasa chini ya jukwaa na nyuma ya mawe, ambako mkondo haufiki. Usivute mpira kwa kinywa chako hata mara moja. Ujaze maji kwanza au tumia pampu ya mkono, kwa sababu kobe hubeba Salmonella, bakteria wanaowaumiza watu tumbo, hata akiwa mzima kabisa. Maji mapya yasipishane na ya zamani kwa zaidi ya nyuzi 2. Klorini huondoka maji yakiachwa wazi kwa saa 24, lakini kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, haiondoki hivyo. Inahitaji dawa ya kuondoa klorini yenye uwezo huo.

Chakula ndicho chanzo kikubwa cha uchafu. Vidonge vya kipimo cha ukubwa wa kichwa chake vinatosha kwa mlo mmoja, kila siku kwa mdogo na kila baada ya siku moja kwa mkubwa. Kinachobaki baada ya robo saa kichote kwa wavu. Wengine humlisha kwenye beseni tofauti, na kweli maji hukaa safi zaidi, ila kobe anayeshtuka kila akibebwa ni heri alie nyumbani mwake.

Rangi ya maji nayo husema kitu. Kijani ni mwani, yaani mwanga mwingi pamoja na nitrati nyingi. Kahawia isiyo na harufu mara nyingi hutoka kwenye gogo jipya na haidhuru. Utando wa mafuta juu hutokana na chakula chenye mafuta au maji ya juu kutotikiswa, basi elekeza mdomo wa chujio ukaribie uso wa maji.

Taa

Hapa ndipo wengi hupoteza kobe wao polepole. Miale ya UVB, hasa ya nanomita 290 hadi 315, ikigonga ngozi huanzisha utengenezaji wa vitamini D3, na joto ndilo linalokamilisha kazi hiyo. Bila D3, kalsiamu haifyonzwi vizuri utumboni, hata ukimwekea mfupa wa ngisi kila siku. Gamba hulainika au kujikunja, na miguu hulegea. Kwa kuwa vyote viwili vinahitajika pamoja, taa ya joto na tyubu ya UVB lazima zielekee mahali pamoja, juu ya jukwaa la kuotea jua. Kuweka joto kona hii na UVB kona ile ni kupoteza umeme.

Kioo huzuia UVB karibu yote, na plastiki nyingi vilevile. Kwa hiyo jua la dirishani halisaidii, na tyubu iliyowekwa juu ya kifuniko cha kioo haisaidii. Wavu wa chuma nao hula theluthi moja au zaidi. Taa za LED za kawaida hazina UVB hata kidogo, ziwe na mwanga mkali kiasi gani.

Tyubu ndefu ni bora kuliko balbu iliyojikunja, maana hufunika mwili mzima wa kobe badala ya mgongo peke yake. Tyubu ya T5 (ile nyembamba) ya UVB ya asilimia 10 hadi 12 isiyo na wavu mbele yake hukaa takribani sentimita 30 hadi 40 kutoka juu ya gamba. Pima kutoka gambani, si kutoka sakafu ya jukwaa, kwa sababu kobe mwenyewe ana urefu. Jedwali la mtengenezaji lina neno la mwisho, na mwenye kifaa cha kupimia UV alenge kipimo cha 3 hadi 4 cha UV Index pale kobe anapokaa. Taa itokee juu, isitokee ubavuni, ili kope na paji vikinge macho. Andika tarehe ya kuwashwa kwenye kitako cha tyubu kwa kalamu isiyofutika. T8 (tyubu nene zaidi) na balbu za kujikunja zibadilishwe kila baada ya miezi 6, T5 baada ya 12, hata kama bado zinang'aa.

Joto la uso wa jukwaa liwe nyuzi 32 hadi 35, na maji 24 hadi 27. Tofauti hiyo ndiyo inayomtoa majini. Kobe asiyepanda jukwaani kabisa, angalia kwanza kama maji ni ya moto mno, kisha kama njia ya kupandia inateleza. Anayekaa juu mchana kutwa huenda maji yake ni baridi, au anaumwa. Jukwaa lazima limwezeshe kukauka kote, tumbo likiwemo. Gamba lisilokauka huota mwani na kuvu, na vipande vya juu hushindwa kubanduka kwa wakati wake.

Taa ziwake saa 12 kwa siku kwa swichi ya saa, usiku giza tupu. Ning'iniza taa ya joto kwa mnyororo, usikiamini kibanio peke yake, na kila waya ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda tena, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme.

Vifaa vya tangi visioshwe kwenye sinki la jikoni. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 uuzaji wa kobe wenye gamba chini ya inchi 4, sawa na sentimita 10, kwa sababu watoto walikuwa wakiambukizwa Salmonella. Jukwaa na mawe yalowekwe katika dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, sehemu moja kwa tisa za maji, kwa dakika 15, kisha yasuuzwe mpaka harufu iishe na kuanikwa. Usichanganye dawa hiyo na siki, maana hutoa gesi ya sumu.

Kobe akivimba macho, pima amonia na nitriti siku hiyohiyo. Zikiwa 0, angalia kama tyubu mpya imewekwa karibu mno, kwa kuwa UVB kali huunguza macho, na uipandishe. Ikiwa umbali ni sahihi, fikiria upungufu wa vitamini A, na hapo daktari wa mifugo anayejua reptilia ndiye wa kuamua dozi, kwa sababu vitamini A ikizidi ni sumu.