Gari linatetemeka nikikanyaga breki: fundi anajibu

Fundi, habari za kazi. Nina Toyota IST. Nikiwa kwenye 90 nikikanyaga breki, usukani unatetemeka mikononi. Ikishuka chini ya 50 inaacha. Fundi wa mtaani alifunga diski mpya na pedi za mbele, gari likatulia. Huu mwezi wa tatu, imerudi ile ile. Nimeuziwa diski feki? (Msomaji, Morogoro)

Inawezekana, ila mimi ningeanza na pale diski inapokaa kabla ya kuilaumu diski yenyewe. Muulize fundi wako: alipovua ile ya zamani, alisugua kutu kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu ambapo diski inakaa? Wengi hawasugui. Wanavua, wanapachika, wanarudisha tairi, pesa mkononi. Chembe ya kutu ikibaki kati ya habu na diski, diski inakaa upande. Kwa macho huoni kitu, maana magari mengi madogo hayataki diski iyumbe zaidi ya milimita 0.05 hivi, nusu ya unene wa karatasi ya daftari.

Mwanzoni gari linakuwa tulivu kabisa. Lakini diski inayoyumba inagusa pedi mahali palepale kila mzunguko, hata mguu ukiwa mbali na breki. Kilomita zinavyoongezeka pale panalika na kuwa pembamba kuliko kwingine. Ukikanyaga sasa, pedi zinabana penye unene, penye wembamba, penye unene, na mtikisiko unapanda mpaka kwenye usukani. Ndiyo maana ulipata miezi miwili ya raha. Kauli ya "diski imepinda kwa moto" utaisikia kila gereji, na mara nyingi si kweli: imelika vibaya, au imegandwa na mabaki ya pedi kwa mabaka.

Safari hii habu isuguliwe kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, na mgongo wa diski vilevile. Diski ibanwe kwa nati zote, izungushwe huku geji ya mshale ikiwa imeegeshwa juu yake. Ikizidi kipimo, ihamishwe tundu moja na kupimwa tena. Fundi asiye na geji hiyo anabahatisha kwa pesa yako. Pini za kalipa, kile kifaa kinachobana pedi, nazo zivutwe: ziteleze kwa mkono, zipakwe grisi ya breki na siyo grisi ya bearing, inayovimbisha mipira yake.

Halafu nati za tairi. Toyota ndogo nyingi zinataka Nm 103, kwa spana ya kupimia nguvu, ukikaza nati zinazotazamana. Kijana wa pancha anayechomeka bomba refu kwenye spana kisha akasimama juu yake anaweza kukuharibia kazi yote ya gereji kwa dakika moja.

Shikamoo fundi. Nimeambiwa nichonge diski badala ya kununua mpya. Nikubali?

Marahaba. Angalia ukingoni mwa diski: pameandikwa MIN TH na namba ya milimita. Huo ndio wembamba wa mwisho. Diski ipimwe sehemu kadhaa, pale pedi zinapopita. Ukipima kwenye ukingo uliobaki juu utajidanganya. Kama baada ya kukerezwa itabaki juu ya namba hiyo kwa nafasi nzuri, kereza, kulia na kushoto pamoja. Kama itabaki imeigusa tu, nunua mpya. Diski nyembamba inapata moto haraka na utarudi hapo hapo.

Kwangu usukani umetulia, kinachotikisika ni kiti na pedeli. (Dereva, Dodoma)

Angalia breki za nyuma. Tafuta barabara tupu, mwendo wa 30 hivi, shika kitufe cha handbreki bila kukiachia na uvute taratibu. Mtikisiko ukitokea, dramu za nyuma, zile ngoma za breki ndani ya magurudumu, hazina tena duara kamili. Kipimo hiki ni cha handbreki ya kuvuta inayobana magurudumu ya nyuma. Ya kitufe cha umeme usiijaribu. Dramu nayo inakerezeka, na ina kipenyo cha mwisho kilichoandikwa juu yake.

Kwenye changarawe nikibana breki ghafla pedeli inanipiga mguu na kuna mlio wa kukwaruza. Nini kimekufa?

Hakijafa kitu, hiyo ni ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukibana breki. Bana tu, usipampu. Ila kama inafanya hivyo kwenye lami kavu, gari likiwa karibu kusimama, sensa ya gurudumu ina uchafu au pete yake imepasuka. Taa ya ABS si lazima iwake.

Nikitoka Iringa, baada ya kushuka Kitonga, breki zilinuka na gari likaanza kutetemeka. Tulimwagia magurudumu maji. Tulifanya vizuri?

Hapana, ndugu yangu. Chuma chenye moto kikimwagiwa maji baridi ghafla kinaweza kupasuka. Kingine ambacho watu hawakijui: ukisimama breki zikiwa zinaunguza na ukaendelea kukanyaga, pedi zinaacha alama yake kwenye diski, na alama hiyo ndiyo utakayoisikia kesho. Ondoa mguu, weka P na jiwe la kuzuia tairi, subiri.

Kabla ya mteremko weka gia ndogo. Kwenye otomatiki ni 2, L au B. Injini ishikilie gari, breki uikanyage kwa nguvu kwa muda mfupi kisha uachie, usiiburute njia nzima. Na kama pedeli ililainika, badilisha mafuta ya breki. DOT 3 mpya inachemka kwenye nyuzi 205, lakini ikishanyonya unyevu kiwango chake kinashuka hadi karibu 140, na Kitonga inaifikia hiyo.

Gari linatetemeka kwenye 100 hata nisipokanyaga breki. Nibadilishe pedi?

Usiguse breki. Fanya balansi ya matairi na ukague kama kuna lililovimba. Likiendelea, tazama rimu iliyopinda na tairodi, ile fimbo inayounganisha usukani na gurudumu.