Binti ana miaka 14, farasi ana miaka minne: tumnunue?

SWALI: Mwalimu, hujambo? Sisi ni Wakenya tunaoishi Oldenburg, Ujerumani. Binti yetu wa miaka 14 amejifunza kwenye farasi wa klabu kwa miaka mitatu. Tumeonyeshwa farasi jike wa aina ya Hanoverian, miaka minne, ambaye baba yake ni bingwa wa kuruka viunzi. Muuzaji ana cheti cha daktari cha mwezi uliopita. Mume wangu anasema tukirudi Nairobi tutaondoka naye. Tumnunue? – Mama wa mpandaji

JIBU: Sijambo, dada. Huyo mwacheni.

Wombladi, yaani farasi wa michezo wa Ulaya, kama Hanoverian, huanza kupandwa akiwa na miaka mitatu hivi. Wa miaka minne bado anajifunza kubeba mtu, na hata mifupa ya mgongo wake haijakomaa. Binti naye anajifunza. Nani atamtuliza mwenzake trekta likipita? Ubingwa wa baba hausaidii hapo.

Mtafutieni wa miaka 10 hadi 14, aliyekwisha zoea mashindano madogo, kelele na kupakiwa kwenye gari. Wazazi wengi huuogopa umri huo, nami nasema wanakosea sana. Farasi wa namna hiyo humfundisha mtoto.

Mkienda kumwona, mwombeni muuzaji amwache bandani mpaka mfike. Mkimkuta ameshatandikwa na ana jasho, rudini siku nyingine, kwa sababu farasi aliyechoshwa asubuhi huonekana mpole. Mguseni miguu yote angali baridi, yaani kabla hajafanyishwa kazi. Mtazameni akitolewa, akisuguliwa, akitiwa lijamu. Kisha mtu wa muuzaji ampande kwanza, mwalimu wa binti afuate, binti awe wa mwisho.

Cheti cha muuzaji kisomeni, lakini daktari awe wenu, mmlipe wenyewe, na asiwe yule anayemtibu farasi huyo kila siku. Atakunja kila mguu kwa dakika moja hivi, kisha farasi akimbizwe papo hapo kwenye sakafu ngumu ili mwone iwapo anachechemea. Ombeni eksirei za miguu, na damu ichukuliwe na kuhifadhiwa: akianza kuchechemea baada ya wiki mbili, itapimwa kama alipewa dawa ya maumivu. Farasi wa miaka 12 hakosi doa kwenye picha. Mwulizeni daktari kama doa hilo litamzuia kufanya kazi ya binti yenu.

Karatasi je? Namba ya chipu ya utambulisho iliyo shingoni ilingane na pasipoti ya farasi. Ujerumani pasipoti haithibitishi umiliki. Daini pia hati ya umiliki yenyewe. Na kabla ya kulipa, pigeni hesabu ya banda la kila mwezi na fundi wa kwato kila wiki sita hadi nane.

Kuhusu Nairobi, mwambie shemeji namsihi aliache wazo hilo. Kwetu kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, virusi vinavyoenezwa na usubi. Pundamilia huviambukizwa wasiugue sana, ilhali farasi asiye na kinga mara nyingi hufa, tena haraka. Farasi wa Kenya huchanjwa. Wa Oldenburg hajawahi kukutana nao. Mkirudi, mwuzeni huko huko Ujerumani kwa familia nyingine. Nairobi binti atapata farasi aliyestaafu mbio za Ngong akafunzwa upya, aliyezaliwa na kuchanjwa hapa hapa.